Msituulize Tunamtaka Nani

Wiki tatu zilizopita sista yangu alinitumia ujumbe saa tano usiku. Yeye na mumewe wameamua kila mtu ashike njia yake. Nyumba wamekubaliana, gari la mkopo wamekubaliana, hata friji tayari ina mwenyewe. Kilichobaki ni kijana wao wa miaka 8.

"Wewe anakupenda," sista akaandika. "Mchukue Jumamosi, mnunulie chipsi, umuulize polepole anataka kukaa na nani. Akisema yeye mwenyewe, hakuna mtu atabishana."

Nilirudia ile sentensi ya mwisho hadi simu ikazima. Akisema yeye mwenyewe, hakuna mtu atabishana. Hapo ndipo siri yote ilipo. Watu wazima wawili, wenye kazi, wenye vitambulisho, wenye mawakili kwenye simu, wameshindwa kuamua jambo. Sasa wanatafuta mtu wa kubeba uamuzi huo kwa niaba yao, na wamempata. Ana miaka 8 na amepoteza jino la mbele.

Najua kazi hiyo kwa sababu mimi pia niliwahi kupewa.

Ilikuwa Agosti 2008, shule zimefungwa, niko darasa la nne. Kikao kilifanyika kwa baba mdogo, Kahawa West. Upande mmoja wa sebule walikaa watu wa baba: yeye mwenyewe, ndugu zake wawili, shangazi, na mzee mmoja aliyetoka ushago ambaye sikuwa nimewahi kumwona. Upande wa pili alikaa mama na dadake mkubwa, basi. Mezani kulikuwa na soda na mkate. Sisi watoto tulikuwa tumefungiwa chumbani na katuni, mpaka tukaitwa.

Mzee akaniambia nisogee. Akaniuliza kwa sauti nzuri, sauti ya mtu anayekupa zawadi: "Kijana, wewe ni mwanaume sasa. Unataka kukaa na nani, baba ama mama?"

Nilihesabu watu. Upande huu 5, upande ule 2. Nikasema mama.

Sikusema mama kwa sababu nilimpenda zaidi. Baba ndiye alikuwa ananipeleka kinyozi, na ndiye peke yake aliyejua bado naogopa kwenda choo cha nje usiku. Nilisema mama kwa sababu timu yake ilikuwa na wachezaji wachache. Nilikuwa na miaka 9, na kwa akili ya miaka 9 hiyo ndiyo ilikuwa haki.

Kisha wakamgeukia sista. Alikuwa na miaka 13. Akasema baba.

Kikao kikafungwa kwa maombi. Tukala wali. Shangazi akasema watoto wa siku hizi wana akili sana, wanajua wanachotaka. Jumapili iliyofuata mama na mimi tukahamia Umoja na mabegi mawili, sista akabaki na baba. Tangu nizaliwe tulikuwa tumelala chumba kimoja, mimi kitanda cha chini, yeye cha juu. Hakuna mtu kwenye ile sebule aliyeuliza kama tungetaka kutenganishwa. Na hilo ndilo swali pekee ambalo sisi wawili tungelijibu bila kuhesabu mtu yeyote.

Kuna methali tunayopenda kurushiana watu wakiachana: fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia. Nimeichoka. Nyasi hukanyagwa, lakini angalau hakuna mtu huziuliza fahali gani ashinde, halafu baadaye akazilaumu kwa matokeo.

Mimi nililaumiwa. Jibu langu lilikaa kimya miaka kumi kama deni la shailoki, halafu likaja na riba. Mwaka wa 2018 nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Biashara ya mama ya mitumba ilikuwa imelala, karo imebaki, na mtihani uko mlangoni. Nikampigia baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Halafu akasema, bila hasira hata kidogo, "Si ulichagua mama yako? Wewe mwenyewe, mbele ya watu."

Sikufanya ule mtihani, na sikurudi chuo. Tangu hapo nimekuwa nikiandika vitu vya watu kwa kulipwa kwa neno, na siku zingine naandika vitu vyangu, kama hiki.

Simchukii baba. Nilichukua muda kuelewa alichokuwa amebeba. Kwa miaka kumi aliamini mwanawe alimkataa mbele ya mzee wa ukoo. Hakuna aliyemwambia nilikuwa nahesabu viti. Swali lile lilimkata yeye pia, tofauti ni kwamba yeye alikuwa mtu mzima na alikuwa na mahali pa kuipeleka hasira yake. Aliileta kwangu.

Kwa hivyo nasema hivi, na nasema kwa kizazi changu kwa sababu sasa sisi ndio tunazaa na kuachana: mkimuuliza mtoto anamtaka nani, hamjamsikiliza. Mmempa kalamu atie sahihi kwenye karatasi yenu.

Najua mtanirukia na sheria. Mtasema Katiba na mikataba ya kimataifa inasema watoto wasikizwe. Sawa, tuisome pamoja, maana wengi wanaoitaja hawajaifungua.

Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022, kifungu cha 8, inasema mtoto apewe nafasi ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yazingatiwe kulingana na umri na ukomavu wake. Hakimu anapoamua mtoto aishi na nani, matakwa ya mtoto ni jambo moja kwenye orodha ndefu. Yako pamoja na mwenendo wa wazazi, na kama mtoto ameumia ama yuko hatarini kuumia. Matakwa ya mtoto yalikuwa hata kwenye sheria ya zamani ya 2001, ile iliyokuwa ikitumika siku mzee ananiita nisogee. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 1990, unasema hivyohivyo kwenye kifungu cha 12.

Sasa angalia lile neno: maoni. Sheria haijasema kura, wala haijasema uamuzi. Mtoto anatoa maoni, mtu mzima anaamua, na mtu mzima huyo ndiye anayejibu lawama. Hata ile kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo ilifafanua mwaka wa 2009 kwamba kusema ni haki ya mtoto na si wajibu. Maana yake mtoto anaweza kunyamaza, na kimya chake kiheshimiwe. Mimi sikuambiwa ninaweza kunyamaza. Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule na watu 7 wameshika soda wakiningoja.

Halafu kuna lile la "si ulichagua". Katiba, Ibara ya 53, inasema jukumu la kumlea mtoto ni la mama na baba sawasawa, wawe wameoana ama hawajaoana. Hakuna mahali imeandikwa kwamba jukumu hilo linaisha mtoto akitaja jina la mzazi mwingine. Mtoto akisema anataka kulala Umoja, amesema atalala wapi. Hajamfuta mtu kazi. Na ile sheria ya 2001 iliruhusu hata mahakama kuendeleza jukumu la mzazi baada ya mtoto kutimiza miaka 18, kukiwa na sababu maalum. Mwaka wa 2018 sikujua lolote kati ya hayo. Nilijua tu kwamba nilikuwa nimechagua.

Lakini tuache kujidanganya kwamba mambo haya yanaamuliwa kortini. Kwa walio na bahati kuna afisa wa watoto anayekuja nyumbani na kuandika ripoti, ama hakimu anayemkaribisha mtoto ofisini mwake wakaongea bila wazazi kuwepo. Wengi wetu hatufiki huko. Sisi tunaamuliwa kwenye sebule ya baba mdogo, kwa chifu, kwa pasta, ama siku hizi kwenye kikundi cha WhatsApp cha mashangazi. Huko hakuna mtu anayeandika ripoti. Huko kuna mzee na soda.

Na wale wasioulizwa? Nao pia wapo, na siwasahau. Kuna yule aliyelala Nairobi akaamka ndani ya basi la usiku, anapelekwa kwa nyanya, akiambiwa ni likizo. Likizo hiyo ikachukua miaka sita. Kuna yule aliyepelekwa shule ya bweni akiwa darasa la pili ili wazazi wasipigane kuhusu nani amchukue jioni. Na katika jamii zetu nyingi swali kubwa halikuwa mtoto anataka nini, lilikuwa mahari ililipwa ama haikulipwa. Ng'ombe walitoa maoni kabla ya mtoto. Huo nao ni ukatili, na sitaki mtu asome makala hii aende akasema, "Hata mwandishi fulani amesema watoto wasiulizwe."

Waulizeni. Lakini kuna maswali mawili tofauti hapa na tumeyachanganya. La kwanza ni: maisha yako yakoje, nini kinakutisha, nini ungetaka kisibadilike? La pili ni: kati yetu wawili, nani mshindi? Swali la kwanza ni la mtoto. La pili ni lenu, na mnamkodisha mtoto alijibu.

Utaniambia, na watoto wakubwa je? Msichana wa miaka 15 anajua anachotaka. Kweli. Akisema hataki kuhama Mombasa katikati ya kidato cha tatu, msikilizeni, tena kwa makini sana. Kadiri mtoto anavyokua ndivyo neno lake linavyozidi kuwa zito, na sheria yenyewe inasema hivyo. Lakini hata huyo wa miaka 15 msimfanye atangaze mbele ya ukoo. Aseme kwa mtu mmoja anayemwamini, na nyinyi ndio mtangaze.

Utaniambia, na mtoto anayepigwa? Mtoto anayemwogopa mzazi mmoja? Huyo hapaswi kungojewa achague. Huyo anasikizwa leo na analindwa leo, na simu ya 116 iko kwa sababu hiyo, haitozwi pesa. Mtoto aliye hatarini akiulizwa mbele ya anayempiga, unajua atamtaja nani. Atamtaja yule anayemwogopa. Hiyo peke yake ingetosha kulizika hilo swali.

Na utaniambia watoto hufundishwa la kusema. Ndiyo, hufundishwa. Mzazi mmoja ananunua baiskeli, mwingine analia jikoni kwa sauti ya kusikika mpaka chumbani. Lakini jiulize kwa nini wanafundishwa. Wanafundishwa kwa sababu jibu lao lina zawadi mwishoni. Ukiondoa kura, hakuna atakayenunua mpiga kura.

Rafiki yangu mmoja kutoka Lamu aliponisikia nikilalamika hivi alinipa somo ambalo sikulitarajia. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu wanayafuata, mtoto akifika umri wa kupambanua mambo, na miaka 7 ndiyo hutajwa sana, anaweza kupewa nafasi ya kuchagua kati ya baba na mama. Nikamwambia, "Unaona? Hata kwenu mnawatesa." Akacheka. Akaniambia sikumngoja amalize: mtoto huyo akichagua mmoja, kisha akamtaka mwingine, anahamishiwa kwa huyo mwingine. Jibu lake halimfungi.

Nilikaa na hilo siku kadhaa. Kumbe wanazuoni wa karne nyingi zilizopita walijua kitu ambacho mzee wetu wa Kahawa West hakukijua: mtoto hubadilika, na jibu la Jumatatu si mkataba wa maisha. Bado sitaki mtoto achague. Lakini kama lazima achague, basi angalau apewe ruhusa ya kukosea. Mimi nilitamani kurudi kwa baba mwaka wa 2011, nilipokuwa nimemaliza darasa la sita na kuanza kubalehe bila mtu wa kuniambia lolote. Sikuthubutu kusema. Nilikuwa nimeshachagua.

Jumamosi ikafika. Nilimchukua kijana wa sista, tukaenda kula chipsi na soseji. Sikumuuliza swali nililotumwa. Nilimuuliza siku yake huwa inaendaje. Akanieleza kwa mpangilio kama mtu anayesoma ratiba: nani humwamsha, nani hujua kufunga tai, ni siku gani kuna mpira. Nikamuuliza kama kuna kitu kinamsumbua. Akamaliza soseji kwanza.

Akasema hataki kubeba ujumbe tena. Mama akisema "mwambie babako", na baba akisema "mwambie mamako", yeye husahau maneno njiani halafu wote wanamkasirikia. Akasema baba akichelewa kumchukua shuleni, anabaki na soja getini, na soja humhurumia, na yeye hapendi kuhurumiwa. Akauliza viatu vyake vya mpira vitalala nyumba gani, kwa sababu mazoezi ni Jumatano na mechi ni Jumamosi. Halafu akauliza, akiangalia sahani, "Anko, nikiwa kwa mmoja, yule mwingine atakula na nani?"

Hilo ndilo lililonimaliza. Miaka 8, na tayari ameanza kuhesabu viti.

Nilimwambia hiyo si kazi yake. Nilimwambia watu wazima hujipikia. Alinitazama kama anayejua siwezi kupika, tukacheka kidogo, tukaondoka.

Usiku huo nilimpigia sista. Kwa miaka yote hii hatukuwahi kuongea kuhusu ile sebule. Nilimwambia nilihesabu watu, ndiyo maana nilisema mama. Simu ikanyamaza mpaka nikadhani imekatika. Halafu akasema, "Mimi nilisema baba kwa sababu wewe ulikuwa umeshasema mama. Nilifikiria, sasa huyu ataenda na nani?"

Kwa hivyo hivyo ndivyo uamuzi mkubwa wa familia yetu ulivyofanyika. Watoto wawili waligawa wazazi kama chapati, moja kwako moja kwangu, asikose mtu. Watu wazima 7 wakaita hayo matakwa ya watoto, na kila kitu kilichofuata kikajengwa juu yake: shule, karo, Krismasi, nani alizikwa wapi na nani hakuhudhuria.

Sista, nimekuambia kwa simu lakini naandika pia, ili usije ukasema nilikuwa na hasira tu. Sitamuuliza. Kaeni chini wewe na mumeo, muite mpatanishi kama lazima, muende kortini kama lazima, lakini muamue nyinyi. Niliyoyasikia kwake nimekuandikia: ujumbe, soja, viatu, Jumatano. Hayo ndiyo maoni yake na yana uzito kuliko jina lolote angetaja. Yaingie kwenye makubaliano yenu kama yalivyo, hata la viatu. Hasa la viatu.

Mkishaamua, mwambieni pamoja, kama mnaweza kukaa chumba kimoja kwa dakika kumi. Mwambieni, "Ni sisi tumeamua." Akikasirika, akasirike na nyinyi. Mna mabega. Mwambieni pia kwamba baada ya muda mtamuuliza tena inaendaje, na kwamba kama haiendi vizuri mtabadilisha.

Na siku atakapokuwa na miaka 19, akipiga simu kuomba karo, yeyote kati yenu atakayeipokea asiwe na la kumkumbusha.